Maonyesho Mawili: Kisa cha Vijana Wenye Kigugumizi Jukwaani, Mombasa

Kisa kwa ufupi

Hiki ni kisa cha vijana saba wa Mombasa wenye kigugumizi, na cha michezo miwili waliyoigiza katika mwaka mmoja. Mchezo wa kwanza ulishangiliwa hadi watu wakasimama, kisha ukamuumiza yule yule aliyeshangiliwa kuliko wote. Wa pili ulitazamwa na nusu ya watu hao, ukazusha ugomvi katika nyumba moja, na ndio uliobadilisha kitu. Michezo yote miwili niliielekeza mimi, na kosa kubwa la ule wa kwanza lilikuwa langu.

Majina nimeyaondoa. Kila kijana nimemwita kwa nafasi aliyoigiza, na umri, kazi na mitaa nimevigeuza kidogo pale ambapo jirani angeweza kumtambua mtu. Vijana wamesomewa maandishi haya kabla hayajatoka. Yapo mambo mawili waliyotaka yatolewe, nami nimeyatoa.

Usuli

Kigugumizi huja kwa sura tatu. Mtu hurudia sauti, au huivuta, au hukwama kabisa: mdomo umeshajiweka tayari, shingo imekaza, na sauti haitoki. Hii ya tatu ndiyo watu wengi hawaijui, nayo huchosha kuliko nyingine zote. Mara nyingi kigugumizi huanza kati ya miaka 2 na 5. Katika watoto 100, kama 5 hupitia hali hiyo, na karibu robo tatu yao huachana nayo bila kujua ilivyokwenda. Wanaofika nayo utu uzimani ni kama mtu 1 katika 100, wanaume wakiwa karibu wanne kwa kila mwanamke mmoja. Huandama nasaba, na chanzo chake kimo katika jinsi ubongo unavyoupanga mwendo wa usemi. Woga na aibu hukizidisha kikishakuwepo, lakini havikileti.

Wazazi tuliozungumza nao walikuwa na maelezo mengine. Mmoja alimlaumu shangazi aliyependa kumtekenya mtoto. Mwingine alisema mwanawe alizoea kumwiga jirani mwenye kigugumizi, mwisho naye kikamkaa. Kijana mmoja alikuwa ameshanyweshwa kombe, maji yaliyooshea maandishi ya aya za Kurani, kwa miezi kadhaa, kisha mjomba wake akampiga kofi la ghafla ili ulimi "ushtuke". Hakuna aliyeyafanya haya kwa chuki. Ilinichukua muda mrefu kulielewa hilo, na nitalirudia huko mbele.

Maisha ya vijana wenyewe yalijaa hesabu ambazo mtu mwingine hazijui. Nahodha, wa miaka 17, alipanda matatu kutoka Kisauni na kutaka kushuka Buxton. Herufi b ilimfunga. Makanga akiuliza, "Washuka wapi?", mdomo haufunguki, gari lapita, naye ashuka Saba Saba pamoja na wengine kisha arudi kwa miguu juani. Mpishi, binti wa miaka 15, alikuwa akila bajia asizozipenda kwa sababu neno "kaimati" halikumtoka mbele ya muuzaji. Mkubwa wao, wa miaka 22, aliajiriwa katika duka la vipuri vya magari, na nyumbani maneno ya kumposea yalikuwa yameanza. Mahari haikumtisha. Kilichomnyima usingizi ni ile dakika ya kuozwa, mbele ya shekhe na mashahidi, pale ambapo bwana harusi hutakiwa kusema kwa kinywa chake kwamba amekubali. Yeye ndiye nitakayemwita Bwana Harusi.

Joseph Sheehan, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi, mwaka 1970 alikifananisha na siwa barafu, lile pande kubwa la barafu linaloelea baharini. Kinachosikika ni kile kilele tu, na chini ya maji kuna aibu, hofu na ujanja wote wa kukwepa. Sisi wa Pwani siwa barafu hatulioni, lakini mwamba twaujua: maji yakijaa haupo, na chombo kinakwama juu yake hivyo hivyo. Vijana hawa walikuwa mabingwa wa kuweka maji yamejaa. Bwana Harusi alikwepa maneno kwa ustadi mkubwa hivi kwamba mwenye duka, baada ya mwaka mzima, alimjua tu kama kijana mpole asiyependa maneno mengi.

Jinsi tulivyoanza

Tulikuwa watu wazima watatu: mimi, tabibu wa usemi aliyejitolea siku za Jumamosi, na ustadh wa madrasa ambaye mdogo wake ana kigugumizi. Tulipata ukumbi wa kukutania baada ya adhuhuri, tukisimama kwa swala ya alasiri na kumaliza kabla jua halijashuka sana, maana wawili walikuwa wakivuka feri kurudi Likoni. Mwezi Februari tulikuwa na wavulana watano na wasichana wawili, mdogo kabisa ana miaka 14.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa mdogo na ulikuwa sahihi: siku ya kwanza hakuna kujitambulisha kwa jina. Kwa mwenye kigugumizi, jina lake mwenyewe mara nyingi ndilo neno gumu kuliko yote, kwa kuwa halina mbadala. Ukikwama kwenye "gari" waweza kusema "motokaa". Jina lako utalibadilisha na nini? Mpishi alituambia baadaye kwamba alikuwa na jina la uongo la kuwapa watu asiowajua, jina linaloanza na irabu.

Badala ya majina tulianza na hadithi. Mmoja aita "Paukwa!", wote waitika "Pakawa!", kisha yafuata yale ya kale tunayoyajua sote. Tabibu alikuwa ameniambia kwamba watu wenye kigugumizi wakisema kwa pamoja, kwa sauti moja, kigugumizi karibu chote hupotea. Nilikuwa nimemsikia, lakini kuona kwa macho ni jambo jingine. Vijana saba ambao nusu saa kabla walikuwa wakijibu kwa kutikisa kichwa walipaza sauti hadi mlinzi wa ukumbi akaja kuchungulia.

Kutoka hapo tukaingia kwenye mashairi. Beti za mizani kumi na sita, nane kwa nane, kwa mahadhi ya polepole. Anayeimba hakwami, au hukwama kwa nadra sana. Kisha tukajaribu uhusika: Nahodha alijitengenezea sauti nzito isiyo yake, akayumba kama mtu aliye sitahani, na maneno yakamwagika. Alisema "Buxton" kwa sauti ile mara kumi mfululizo huku wenzake wakicheka kwa furaha. Nakumbuka nilimtazama tabibu nikitaraji kumwona amefurahi kama mimi. Alikuwa amefurahi, lakini aliniambia, "Mwalimu, hii ni sauti ya Nahodha. Ya kwake bado hatujaisikia."

Sikuitilia maanani. Ndivyo ilivyokuwa.

Wiki ile ile niliwasimulia habari za James Earl Jones, mwigizaji wa Marekani ambaye utotoni kigugumizi kilimnyamazisha kwa miaka kadhaa, mpaka mwalimu wake alipogundua kwamba anaandika mashairi na kumtaka ayasome mbele ya darasa. Sauti yake baadaye ilijulikana dunia nzima. Nilikomea hapo. Sikuwaambia kwamba hata alipokuwa mzee alisema wazi kuwa kigugumizi hakikumtoka, bali alijifunza kuishi nacho. Kwa kuikata hadithi ile mahali pabaya niliwapa vijana ahadi ambayo sikuwa na haki ya kuitoa.

Onyesho la kwanza

Mwishoni mwa Juni tuliigiza mchezo wa jahazi lililopotea njia. Kiitikio kilikuwa cha wote, mashairi yaliimbwa, na Nahodha ndiye aliyekuwa msimulizi. Tangazo nililiandika mimi: "Jukwaa Limeshinda Kigugumizi". Walikuja watu kama 120, wakiwemo walimu wawili wa skuli anayosoma Nahodha.

Katika dakika arobaini hakuna aliyekwama hata mara moja. Akina mama walilia. Baba mmoja alinishika mkono akasema, "Mashallah, huyu mtoto amepona!" Nami sikumsahihisha. Nilikuwa nimechoka na nimefurahi, na neno "amepona" lilinipendeza masikioni.

Jumatatu iliyofuata

Mwalimu mmoja aliyehudhuria alimpa Nahodha heshima ya kusoma tangazo kwenye gwaride. Hakumwuliza kwanza. Nahodha alisimama mbele ya wanafunzi mia kadhaa, kwa sauti yake mwenyewe, bila mahadhi, bila wenzake, bila sitaha ya kuyumba juu yake. Alikwama kwenye neno la kwanza. Kwa kauli yake, alikaa pale "muda wa swala". Vicheko vikaanza nyuma. Mwalimu, ambaye naamini hakukusudia ubaya, akasema, "Wee, Jumamosi si ulisema vizuri? Wacha kujifanya."

Neno "kujifanya" ndilo lililomvunja. Kabla ya onyesho watu walijua ana kigugumizi, wengine wakimcheka na wengine wakimhurumia. Baada ya onyesho alikuwa mtu anayeweza kusema akitaka, ila hataki. Ushahidi wao ulikuwa mimi na jukwaa langu.

Hakuja mazoezini Jumamosi tatu. Yule mdogo wa miaka 14 naye akaacha kuja, na mama yake akatuma ujumbe kwamba mtoto hataki tena. Waliobaki walikuwa watano, na mazoezi yakawa mazito kama nyumba ya msiba.

Tulichoamua, na kwa nini

Nilikwenda nyumbani kwa Nahodha na ustadh. Tulikaa barazani na babu yake, tukanywa kahawa, na kwa muda mrefu hatukuligusa lililotupeleka. Nahodha alipotoka ndani alisema maneno machache, akikwama karibu kila moja, na sisi tukangoja. Alisema hataki tena kuigiza mtu asiyekwama.

Sentensi hiyo ndiyo iliyogeuza kazi yetu. Tuliporudi ukumbini tuliamua mambo ambayo leo nayaona ya wazi, na wakati ule yalitutia hofu. Mchezo unaofuata hautakuwa na kuimba wala sauti za bandia. Mhusika mwenye kigugumizi ataigizwa na mwenye kigugumizi, akikwama anapokwama. Na mambo ya kufunzwa yataelekezwa kwa watazamaji.

Njia niliyoichukua ni ile ya Mbrazili Augusto Boal, iliyojengeka miaka ya 1970: mchezo hufika mahali pabaya, husimamishwa, na mtazamaji huombwa apande jukwaani ajaribu kuubadilisha. Kwa Boal, mtazamaji huchukua nafasi ya yule anayeonewa. Sisi tuliligeuza hilo kwa makusudi. Mtazamaji angeweza kuwa makanga, mwalimu, rafiki au mama, lakini nafasi ya anayekwama isingechukuliwa na mtu yeyote. Kumwambia msemaji fasaha aje aonyeshe jinsi mwenye kigugumizi "angepaswa" kusema kungekuwa ni kurudia gwaride lile lile.

Tabibu naye alileta zoezi ambalo mwanzoni nililiogopa: kukwama kwa makusudi. Tulitoka wawili wawili, tukaenda kununua madafu, kadi ya simu, bajia, na kila mmoja alitakiwa akwame kwa hiari yake angalau mara moja, huku akimtazama muuzaji machoni. Lengo ni kuiondolea hali ile nguvu yake, kwa kuwa kinachofanywa kwa hiari hakitishi kama kinachokuja chenyewe. Nami nilifanya. Nilisimama Mwembe Tayari nikarudia "ma-ma-ma" ya madafu, na uso wangu ukawaka moto kwa sekunde kama tano. Muuzaji aliangalia pembeni. Nilijua kwamba nikigeuka tu nitaacha, na kwamba wao hawana pa kugeukia. Miezi mitano nilikuwa nimewafunza vijana hawa bila kuijua ile sekunde tano.

Mpishi alirudi na kaimati. Alikwama mno, alisema, na hakukusudia. Zililiwa zote kabla ya alasiri.

Nabii Musa, na ndoa isiyochezewa

Vijana walitaka kuigiza kisa cha Nabii Musa. Watoto wengi wa madrasa huijua dua yake katika Surat Taha, aya ya 25 hadi 28, anapomwomba Mola amkunjulie kifua na amfungue fundo la ulimi wapate kumfahamu. Kijana wetu mmoja wa kanisani aliijua habari hiyo hiyo kutoka kitabu cha Kutoka, pale Musa anaposema yeye si msemaji na ulimi wake ni mzito. Ustadh aliwaeleza kwa upole kwamba mitume hawaigizwi jukwaani, wakaelewa. Lakini aliwaachia jambo la kufikiri: Musa alipewa ndugu yake Harun awe msaidizi, na bado ujumbe ulikuwa wake, na yeye ndiye aliyesimama mbele ya Firauni. Mazungumzo hayo yalituchukua Jumamosi nzima, na sijutii dakika hata moja.

Bwana Harusi alipendekeza tuigize kuozwa kwake. Hapo pia ustadh alituzuia: maneno ya ndoa hayafanyiwi mchezo, hata kwa kuigiza. Tukapata njia nyingine, iliyokuwa bora. Tuliigiza usiku wa kuamkia ndoa. Bwana harusi yuko na rafiki zake kwenye mkeka, hakuna shekhe, hakuna walii, hakuna jina la binti, na anajaribu kulizoea neno moja tu: "Nimekubali."

Onyesho la pili

Tulichagua Jumamosi iliyo karibu na tarehe 22 Oktoba, siku ambayo tangu mwaka 1998 huadhimishwa duniani kama Siku ya Kigugumizi. Tangazo halikusema kitu kimeshinda kitu. Watu walikuwa kama 60. Nahodha alikuwa amerudi, na nafasi yake safari hii ilikuwa ya abiria wa matatu, ila jina la Nahodha lilishamganda.

Sehemu ya kwanza ilikuwa sebuleni. Mgeni anamwuliza kijana, "Waitwa nani, mwanangu?" na kabla hajafungua mdomo mama yake anajibu. Anaulizwa kazi, mama anajibu. Anaulizwa kama atakunywa chai au maji, mama anajibu. Watu walicheka, kisha vicheko vikapungua. Sehemu ya pili ilikuwa matatu.

Ya tatu ilikuwa mkeka. Bwana Harusi alikwama kwenye n. Haikuwa kuigiza. Rafiki wa kwanza, kama tulivyopanga, akamwambia avute pumzi. Wa pili akamwambia atulie. Wa tatu akamalizia neno: "Nimekubali, basi, twende." Hapo tukausimamisha mchezo na kuwauliza watazamaji nani atakaa mahali pa rafiki mmoja.

Kijana wa kwanza kupanda alimpa nasaha ndefu. Bwana Harusi alitikisa kichwa akaanza upya. Dada mmoja alipanda akawa anamtia moyo, "Waweza, waweza, karibu," na kila "waweza" ilimkaza shingo zaidi. Kisha akaja mzee mmoja mwenye kofia ya vito, aliyekuwa amekaa nyuma. Hakusema neno. Akavua viatu, akakaa mkekani, akashika dele lisilokuwepo, akajimiminia kahawa isiyokuwepo katika kikombe kisichokuwepo, akammiminia na Bwana Harusi. Akanywa kidogo. Akamtazama kama mtu anayemtazama mwenzake akila. Ukumbi ulikuwa kimya hadi honi za tuktuk barabarani zikasikika.

"N... n... nimekubali," alisema Bwana Harusi.

Mzee akajibu, "Na iwe kheri," akavaa viatu vyake akarudi kiti chake.

Yaliyofuata nyumbani

Mama yake Bwana Harusi alikuwepo. Alijiona katika sehemu ya kwanza, sebuleni, na kila mtu aliyemjua alimwona pia. Zaidi ya hayo, mazungumzo ya posa yalikuwa bado hayajafika popote, na miongoni mwa watazamaji walikuwemo jamaa wawili wa upande wa binti. Sisi hatukujua. Hatukuuliza.

Alinijia nje ya ukumbi, sauti yake ikiwa chini sana. "Mwalimu," alisema, "mwanangu nilikuletea umstiri, nawe umemwanika."

Sikuwa na jibu. Hata sasa sina jibu la kutosha. Miezi mitatu hakunisemesha. Posa ikasimama, upande wa binti wakisema anataka kwanza kumaliza chuo, na inawezekana kabisa kwamba ni kweli. Bwana Harusi mwenyewe alisema angeigiza tena kesho. Lakini yeye hakuwa peke yake aliyepanda jukwaani usiku ule.

Matokeo

Hakuna kijana ambaye kigugumizi kimemtoka. Tabibu aliwapima mwanzo na mwisho, na kwa wanne kiwango cha kukwama kilikuwa karibu pale pale. Kwa mmoja kilizidi, naye ndiye aliyekuwa akisema zaidi kuliko zamani.

Kilichobadilika kiko kwingine. Nahodha aliomba ruhusa kwa mwalimu wa darasa aeleze kigugumizi kwa dakika kumi, na akatumia dakika ishirini na tano. Sasa yupo mwenzake wa kukaa naye dawati moja ambaye zamani alimcheka. Mpishi aliacha kutumia jina la uongo. Bwana Harusi alimwambia mwenye duka, kwa mara ya kwanza, "Mimi nina kigugumizi," na mwenye duka akajibu kwamba alikuwa akifikiri ana kiburi. Kuna siku Nahodha ashuka Buxton, na kuna siku bado ashuka Saba Saba.

Uchambuzi

Kuhusu onyesho la kwanza, lililotokea lina maelezo. Kusema kwa pamoja, kuimba, kufuata mdundo, kubadilisha sauti, na kurudia maneno yale yale mara nyingi, yote hupunguza kigugumizi kwa muda. Mimi nilivirundika vyote katika dakika arobaini, nikauita ushindi. Athari hizo haziendi na mtu hadi kwenye gwaride. Mbaya zaidi, humwonyesha mtazamaji kigugumizi kama kitu kinachoweza kuwekwa kando kwa juhudi, na hivyo anayekwama kesho yake aonekana mvivu au mwongo. Siwaambii walimu waache paukwa na mahadhi. Siku ya kwanza vilitupa kitu kisicho na bei: vijana waliosikia sauti zao zikijaa chumba. Ni mlango mzuri. Kosa ni kulifanya onyesho zima kuwa mlango.

Tangazo pia lilifanya kazi yake mbaya. Watu walikuja kutazama kupona, wakaona kupona. Huko New York, mwigizaji Taro Alexander, naye mwenye kigugumizi, mwaka 2001 alianzisha kikundi ambamo vijana wenye kigugumizi huandika na kuigiza kazi zao wenyewe. Laiti ningeyafuatilia mambo ya watu kama huyo kabla ya kuandika tangazo langu, ningejiuliza mapema kazi hii ni ya nani.

Katika onyesho la pili, kilichofaa kuliko vyote ni kule kuzuia nafasi ya anayekwama isichukuliwe. Watazamaji walilazimika kujitazama wenyewe. Yule mzee hakufundishwa na mtu. Alileta alichonacho, adabu ya barazani, ambako mtu hakimbizwi na neno lake. Sisi tulikuwa tumejiandaa kuwapa watu kanuni: usimmalizie neno, usimwambie atulie, usiangalie pembeni. Kanuni hizo ni sahihi na bado tunazitumia. Lakini kikombe kile cha kahawa kiliwaingia watu zaidi ya orodha yetu, kwa sababu kilikuwa chao.

Sasa narudi kwa wazazi. Tuliandika sehemu ya sebuleni kana kwamba mama anayejibu badala ya mwanawe ni mtu asiyejua. Mama huyu alijua vizuri sana. Katika malezi yetu, aibu ya mtoto hufunikwa, na mzazi ajionea fahari kuwa yeye ndiye kifuniko. Kila neno alilomjibia mwanawe kwa miaka ishirini lilikuwa sitara. Kijana aliliona kama kunyang'anywa sauti, na wote wawili wana haki katika wanachokisema. Kazi yetu ilikuwa kuwakutanisha kabla ya jukwaa, na hatukuifanya. Tulipata ridhaa ya kijana wa miaka 22 tukaona yatosha. Kisheria yatosha. Mombasa, ambako posa hujadiliwa na watu wa nyumba nzima na jina la mtu ni jina la ukoo, haitoshi.

Nilipata kukaa na mama huyo baadaye, kwake, ustadh akiwepo. Hakusema nilikuwa na haki, nami sikumtaka aseme hivyo. Aliniuliza swali moja: kama angeelezwa mapema, je, ningemruhusu akatae? Nilimwambia ndiyo, sehemu ile tungeiondoa. Akanyamaza, kisha akasema pengine asingekataa.

Kikundi cha mwaka uliofuata kilianza na Jumamosi mbili za wazazi peke yao, bila vijana. Hakuna anayefundishwa siku hizo. Kila mzazi husimulia amemfunika vipi mwanawe, na mara ngapi, na ilimgharimu nini. Mama yake Bwana Harusi alikuja Jumamosi ya pili, akaketi karibu na mlango.

Yule mdogo wa miaka 14 hajarudi. Nilimwandikia mama yake mara moja, nikakiri kosa la tangazo na la kuikata hadithi, na sikumwomba amrudishe. Alijibu kwamba mtoto amesomewa ujumbe.